Kobalti ya Kasulo: mwenye mashini ndiye mwenye bei

KOLWEZI – Ukiuza motere ya zamani ya gari, fundi anaiwasha mbele ya muuzaji na mnunuzi: moshi unaonekana, sauti inasikika, bei inajadiliwa. Gunia la kobalti la Kasulo haliwashwi. Bei yake inategemea kilo, kiwango cha kobalti ndani ya mawe na soko la dunia. Kiwango hicho kinasomwa na mashini ya Metorex, na mara nyingi mashini ni ya mnunuzi.

Hesabu ni nyepesi: kilo 100 zenye asilimia 4 zina kilo 4 za kobalti. Mashini ikionyesha 2, nusu ya mali imepotea. Amnesty International iliandika mwaka 2016 kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao ya kuhakikisha kipimo.

Mwaka 2017 Kasulo ilizungushiwa ukuta, kampuni ya CDM ikawa mnunuzi pekee. Mwaka 2019 serikali iliunda EGC kwa kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Tangu Oktoba 2025, kila kampuni inapangiwa tani za kupeleka nje. Wanunuzi wanabadilika, soko linabadilika. Swali la mashini linabaki. Bila mizani na kipimo cha mtu wa tatu, mchimbaji hapatani bei, anapangiwa.