Mshairi Huyu Alikuwa Akifanya Kazi Gani?



Tangu nilipostaafu ualimu nimepata wasaa wa kuhudhuria mikutano ya washairi na uzinduzi wa diwani. Nafurahi kuwa humo. Lakini kuna jambo moja ambalo limekuwa likinikera, na leo naona nilitue mzigo huu mbele yenu. Mgeni mwenye shahada anapoitwa jukwaani, mshereheshaji huzisoma shahada zake moja baada ya moja, pamoja na vyuo alivyozipatia. Asiye na shahada hutambulishwa kwa maneno machache tu: "Huyu naye ni malenga wetu." Kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini haitajwi, kana kwamba ni siri ya ukoo. Hali ni hiyo hiyo katika majalada ya nyuma ya vitabu vyetu. Tunaambiwa mtunzi alizaliwa wapi na alisoma wapi. Hatuambiwi alikula kwa jasho la kazi gani.

Hoja yangu ni kwamba ukimya huu unatudhuru. Unaficha chimbuko la lugha yetu, na unamdanganya kijana anayetamani kuandika.

Nianze na Shaaban Robert, maana ndiye tunayemtaja sote. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kazi zake. Nilikuwa nikiwaandikia ubaoni: alizaliwa 1909, alifariki 1962, kisha orodha ya vitabu. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu akauliza, "Mwalimu, yeye alisomea chuo kikuu gani?" Nikamjibu kwamba hakusoma chuo kikuu, nikaendelea na somo. Jibu lilikuwa kweli, lakini lilikuwa nusu ya kweli. Nilimwambia asichokuwa nacho Shaaban Robert, nisimwambie alichokuwa nacho.

Alikuwa karani. Alimaliza shule mwaka 1926, akaingia kazini katika forodha, akakaa huko hadi 1944. Baadaye alifanya kazi katika idara iliyoshughulika na wanyama, kisha katika ofisi ya wilaya huko Tanga, na tangu 1952 hadi 1960 katika ofisi ya upimaji ardhi. Hesabuni wenyewe: maisha yake ya utu uzima, karibu yote, yalipita mezani mwa karani wa serikali ya kikoloni. Karani wa forodha kazi yake ni kuyapa mambo majina na kuyaandika sawasawa. Shehena hii ni nini, imetoka wapi, ina uzito gani, inastahili ushuru kiasi gani? Neno likikosewa, hesabu imeharibika. Sisemi kwamba forodha ndiyo iliyomfanya mshairi. Nasema kwamba mtu aliyeshinda miaka kumi na minane katika kazi ya namna hiyo hawezi kuwa mtu wa maneno ya ovyo. Tena, anayesoma Kusadikika na kuiona ile kesi nzito, mshtakiwa akijitetea mbele ya wakubwa wasiopenda kusikiliza, na akumbuke kwamba aliyeiandika alitumikia ofisi ambazo wakubwa wake walikuwa watawala wa nchi.

Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo, alipata kuwa mwalimu, na baadaye akawa hakimu. Ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu tunaoujua. Sasa tuitazame ngonjera yenyewe. Pande mbili zinasimama. Huyu anatoa dai, yule anapinga; huyu anajibu, yule anauliza tena; mwishowe mmoja anakubali, au wote wawili wanakutana katika neno moja. Je, hilo si baraza? Je, si shauri linalosikilizwa mpaka likafikia tamati? Siwezi kuthibitisha kwamba Mnyampala aliitoa ngonjera mahakamani, na majibizano ya kishairi yalikuwapo kabla yake. Lakini kwa miaka niliyofundisha ngonjera, nilipowaeleza wanafunzi kwamba mwenyewe alikuwa mwalimu kisha hakimu, walielewa kwa haraka zaidi kuliko nilipowasomea fasili ya kitabuni.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa Bwana Msa, alianza kazi katika idara ya afya akiwa mkaguzi, kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Mkaguzi wa afya huingia katika nyumba za watu, hutazama uani, hunusa, huuliza maswali, na hujifunza kutoamini jibu la kwanza. Msomaji wa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, hana haja ya kuelezwa zaidi. Na Siti binti Saad, kabla ya sauti yake kutiwa katika sahani za santuri kule Bombay mwaka 1928, aliipitisha sauti hiyo hiyo mitaani akinadi vyungu vilivyofinyangwa kwao. Haji Gora Haji, mtunzi wa Kimbunga, alikuwa mvuvi na baharia, mtoto wa Tumbatu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa mhubiri wa dini. Baadaye akawa meya wa Dar es Salaam na waziri wa sheria. Mwalimu Nyerere, aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na jina la kazi hiyo ndilo alilokufa nalo.

Karani, hakimu, mkaguzi wa afya, muuza vyungu, mvuvi, mhubiri, mwalimu. Hao ndio waliotujengea nyumba tunayoishi.

Najua nitakavyojibiwa, na majibu hayo yana uzito. La kwanza: makarani wa forodha walikuwa wengi, Shaaban Robert alikuwa mmoja. Ni kweli. Kazi peke yake haizai mtunzi, kama shahada peke yake isivyozaa mtunzi. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, ambazo leo zimechapishwa, zinatuonyesha mtu aliyeshika kalamu mwaka hadi mwaka, pamoja na kazi na msiba. Kipaji kilihitaji nidhamu, na nidhamu aliitafuta mwenyewe.

La pili lina uchungu zaidi. Tukiusifu ukarani wake, je, hatuusifu mlango aliofungiwa? Mwaka 1926 hapakuwa na chuo kikuu Tanganyika. Kijana Mwafrika mwenye akili kama zake alipewa meza ya karani, akaambiwa ashukuru. Nakubali. Umaskini si shule, wala kunyimwa si baraka. Simwambii kijana yeyote aache masomo aende akavue ili apate mashairi. Mimi mwenyewe nililishwa na chuo cha ualimu. Siwezi kukikata kisima nilichonywea.

La tatu: wasomi wetu wa vyuo vikuu wametenda makubwa. Nani atabisha? Euphrase Kezilahabi aliandika, akafundisha, akautikisa ushairi kwa Kichomi mpaka leo vumbi halijatua. Hata barua za Shaaban Robert zisingetufikia bila mkono wa wasomi waliozikusanya na kuzihariri. Sigombani na shahada. Nagombana na mizani yenye kitanga kimoja.

Sasa nikiri kosa langu, maana bila hilo nisingeandika makala haya.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha methali katika shule moja ya sekondari ya pwani. Tulifika kwenye ile isemayo, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, hayo niliyajua. Nikawaambia kwa ujasiri kwamba ngamani ni bandarini: chombo huzunguka kote, mwisho hurudi kutia nanga. Maelezo yakapendeza, wakaandika.

Kijana mmoja nyuma ya darasa akanyoosha mkono. Baba yake alikuwa baharia wa majahazi, naye alikuwa akimsaidia siku za likizo. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Ngama ni chini kabisa, ndani ya chombo, maji yanapojikusanya. Anayefua maji anakaa hapo na upo wake. Hata ukienda mbele au nyuma, lazima urudi kufua, la sivyo mnazama."

Darasa likacheka, si kwa ubaya, bali kwa sababu neno "upo" hawakulijua wengi. Nami nilikuwa silijui. Badala ya kumshukuru, nikamwambia aketi, na kwamba mtihani hauulizi mambo ya majahazini. Aliketi. Sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono tena katika kipindi changu.

Baadaye nilifungua kamusi ya zamani maktabani. Kijana alikuwa sahihi, neno kwa neno. Na methali niliyokuwa nimeifundisha kama habari ya safari njema yenye kurejea nyumbani ilikuwa habari nyingine kabisa, tena nzito zaidi: uende kokote utakako, wajibu wako uko chini, gizani, kwenye maji. Aliyeitunga methali ile hakuwa mtu wa meza. Alikuwa ameshika upo.

Sikumrudia yule kijana nikamwambia kwamba nimekosea. Nilikuwa mwalimu mchanga na niliona haya. Alimaliza kidato cha nne akaondoka, wala sijui aliko. Nimesahihisha madaftari kwa maelfu; kosa lile sikulisahihisha.

Ndiyo maana nasema ukimya huu unatudhuru. Kiswahili hakikuletwa na kamusi. Kamusi ilikuja ikakikuta. Maneno ya chombo yako kwa baharia. Maneno ya mbao yako kwa seremala, maneno ya ukili na chane yako kwa mama anayesuka mkeka, na maneno ya zao la karafuu yako kwa anayepanda mkarafuu na kuchuma. Kila mmoja wao anapofariki bila kusikilizwa, yapo maneno yanayozikwa naye. Kisha sisi tunakaa vikaoni tukilalamika kwamba lugha haina istilahi, tukaunda maneno mapya kwa vitu ambavyo fundi wa mtaa wa pili ana jina lake tangu enzi za babu yake.

Na yule kijana mwenye kipaji, mwana wa kinyozi au wa mama lishe, anaposoma jalada la nyuma la diwani na kuona shahada tupu, anajifunza nini? Anajifunza kwamba nyumba yao haina cha kuchangia. Kwamba ili awe mtunzi hana budi kwanza asahau lugha ya nyumbani kwao, ajifunze lugha ya ukumbini. Huo ni uongo, nasi tunauchapa kwa wino.

Basi ninapendekeza mambo matatu, na yote hayana gharama. Wachapishaji na wahariri wataje kazi ya mtunzi katika wasifu wake, kazi yoyote iwayo, pamoja na elimu yake. Washereheshaji wa mikutano yetu wamuulize mgeni, "Unafanya kazi gani?" na walitangaze jibu kwa heshima ile ile wanayoitangazia shahada. Na walimu wenzangu mlioko darasani, mnapoandika ubaoni mwaka wa kuzaliwa na wa kufa wa mtunzi, ongezeni mstari mmoja: alikuwa akifanya kazi gani. Kisha mgeukieni mwanafunzi wa nyuma mmuulize kazi ya wazazi wake, na neno moja la kazi hiyo ambalo ninyi hamlijui. Mkiona haya kulipokea, kumbukeni ngama.

Nami nafunga kwa beti moja, kwa kuwa barazani petu si adabu kuondoka bila kuacha kitu:

Maneno yana wenyewe, waliotokwa na jasho,
Mvuvi naye apewe, heshima isiyo mwisho,
Na seremala ajuwe, yake randa ni fundisho,
Jina la kazi litiwe, liwe kwetu ukumbusho.

Wakati wa maoni, kila atakayechangia na aanze kwa kututajia kazi yake. Mimi nimekwisha kuitaja yangu: mwalimu wa sekondari, mstaafu, niliyefundishwa maana ya ngama na mwanafunzi.

Naomba kutoa hoja.