Mfuko wa kikoba utibu na mifugo

Mfugaji wa Somanga, mbuzi wako akikwama kuzaa usiku, fedha ya mtaalamu utamkopa nani? Jirani naye anasubiri kuuza ufuta. Na mbwa anayefukuza nguruwe pori shambani akigongwa na gari barabara kuu, tunasema "mbwa tu". Mihogo ikiliwa, hasara ya nani?

Wengine hupinga: mfuko wa jamii wa kikoba ni wa wagonjwa na misiba. Sawa, lakini mbuzi huyo ndiye ada ya mtoto. Kikao kijacho, dai katiba iongezwe kifungu: mkopo wa dharura wa mifugo, bila riba, utolewe siku hiyohiyo. Kuanza kuchangishana mnyama akiwa anakata roho ni kuchelewa.