Karatasi ya Maswali Haimlindi Msichana

Serikali ya Kenya ilipopunguza masomo ya sekondari msingi kutoka 14 hadi 9 mwaka 2024, stadi za maisha ziliingizwa ndani ya somo la Mafunzo ya Jamii. Kipindi cha stadi za maisha ndicho ambacho mwalimu angeweza kukaa na watoto wa miaka 12 hadi 14 akazungumza nao kuhusu mpenzi anayempiga mwenzake kofi, anayempokonya simu asome jumbe zake, au anayemtisha kuwa atasambaza picha zake. Na haja ilikuwa wazi: Januari ya mwaka huohuo wanawake waliandamana Mombasa, kama katika miji mingine, kupinga mauaji ya wanawake. Kufikia mwisho wa Oktoba polisi walikuwa wametaja wanawake 97 waliouawa kwa miezi 3 tu.

Uamuzi ule ulikuwa mbaya, lakini kuna kosa kubwa zaidi. Nafasi iliyobanwa huachiwa wageni wa asubuhi moja, watu wa miradi wanaokuja na kuondoka. Watoto hujazishwa karatasi ya maswali, huhutubiwa, kisha hujazishwa karatasi ileile. Alama zikipanda, ripoti huandika kwamba mradi umefaulu. Kwa nini tunakubali kipimo hiki?

Wapo wanaosema kuzungumzia mapenzi na watoto ni kuwafunza mapenzi. Hofu hiyo ya wazazi na mashekhe naielewa, ila mtoto anayetishwa na mpenzi wake hakungoja mtaala umfunze. Wengine husema elimu yoyote ni bora kuliko kimya. Huenda. Lakini elimu isiyopimwa vizuri hutufanya tuamini kwamba kazi imekwisha.

Mwaka 2014 Lisa De La Rue na wenzake walichambua tafiti 23 za programu za shule za kuzuia ukatili kati ya wapenzi vijana. Waligundua kwamba maarifa ya wanafunzi yaliongezeka na mitazamo yao ikabadilika, lakini utendaji wa ukatili haukupungua kwa kiwango cha kuaminika. Hapa ndipo hoja yangu yote iliposimama. Kijana anaweza kujibu vizuri kwamba kumpiga msichana ni kosa, na jioni akampiga. Karatasi imepima anachojua, wala haikumuuliza msichana alichotendwa.

Kumuuliza kunawezekana, na kumefanyika hapahapa Kenya. Katika maeneo ya Korogocho na Kariobangi, Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwauliza wasichana wa sekondari kama walishambuliwa kingono katika mwaka uliopita. Miongoni mwa waliofunzwa kujitetea, kiwango kilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Kwa wasiofunzwa hakikubadilika kwa maana yoyote. Tena waliofunzwa walizidi kusema yaliyowapata. Lizingatieni hilo, walimu wakuu. Programu inayofanya kazi inaweza kuongeza malalamiko ofisini mwenu, na shule inayojivunia kutokuwa na kesi hata moja huenda ni shule ambayo watoto wake wamenyamazishwa.

Wanaodai kwamba maswali ya namna hii yatawaumiza watoto wasome yaliyofanyika wilaya ya Luwero, Uganda. Watafiti waliwauliza watoto wa shule 42 za msingi kuhusu kupigwa na wafanyakazi wa shule, na waliohitaji msaada wakapelekwa kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto. Anayeogopa kuuliza aandae kwanza pa kumpeleka mtoto. Hofu yake isiwe kisingizio cha kutouliza kabisa.

Utafiti wa New York ulitufunza jambo jingine. Katika shule 30 za kati, kundi moja lilipewa masomo ya darasani pekee. Kwingine wanafunzi walichora ramani ya mahali wanapoogopa, watu wazima wakapangwa kulinda hapo, na mnyanyasaji aliweza kuwekewa amri ya kutomkaribia aliyemnyanyasa. Masomo pekee hayakupunguza unyanyasaji wa kingono. Ulinzi ulipunguza, hata bila masomo.

Ramani kama hiyo, ikichorwa na wanafunzi wa kisiwa hiki cha Mombasa, haitaishia langoni. Watoto wa Mji wa Kale hutoka shule wakaenda madrasa, hupita vichochoro vya Kibokoni na Kuze, wengine huishia bustani ya Mama Ngina jioni. Wao ndio wanajua wapi wanaharakisha hatua na nani huwasubiri. Hakuna mgeni wa asubuhi moja atakayeyajua hayo, na nimechoka kusoma ripoti zinazohesabu waliohudhuria.

Mzazi, ukiitwa mkutanoni muhula ujao na kuambiwa watoto wamefunzwa, uliza mambo haya: baada ya miezi 6, wangapi wamesema bado wanapigwa au kutishwa? Ni mwalimu gani aliyepewa jukumu la kuwasikiliza? Na mtoto akisema leo, kesho nani atamzuia aliyemtenda? Usikubali kuonyeshwa picha za warsha badala ya majibu. Na kama mtoto wako mwenyewe amekwambia, usingoje mkutano: piga 116, simu ya watoto, haitozwi pesa.