Kibarua wa Kike Naye ni Mfanyakazi

Ndugu wapenda haki, kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, tuliambiwa kwamba mageuzi yamefika. Twauliza: yamemfikia nani?

Sheria ya Ajira ya 2007 inamwamuru mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, imeahidi wanawake na wanaume nafasi sawa. Lakini wakwepaji wamebuni hila: mwanamke huajiriwa asubuhi, huachishwa jioni, huajiriwa tena kesho. Mimba ikionekana, jina lake halisomwi langoni. Nani atasema amefukuzwa, ilhali hakuandikwa popote?

Na wajue kwamba kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinatamka: kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zikatimia mwezi mmoja, si kibarua tena.

Pwani hii ni ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913 kukataa kufanyishwa kazi na Waingereza. Haitanyamaza. Mtume Yakobo aliwakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Basi kanisa lisiwape viti vya mbele watendao yayo hayo.

Twadai mikataba ya maandishi, na wakaguzi wa kazi wafike mahotelini Malindi, viwandani Kilifi na kwenye mashamba ya chumvi Magarini. Nanyi akina mama, andikeni kila siku mliyofanya kazi. Daftari hilo ndilo shahidi wenu.