Kijana wa Kibao Namba 70

Tarehe 19 Desemba 2008, mjini Salt Lake City katika jimbo la Utah, Serikali ya Marekani ilinadi haki za kuchimba mafuta na gesi katika ardhi ya umma. Baadhi ya viwanja vilikuwa jirani na hifadhi za taifa za Arches na Canyonlands. Tim DeChristopher, mwanafunzi wa uchumi mwenye umri wa miaka 27, alifika kuupinga mnada huo. Mlangoni akaulizwa kama amekuja kununua. Akajibu ndiyo, akapewa kibao cha mnada namba 70.

Kwanza alipandisha bei tu. Kisha akaanza kushinda. Hadi anatolewa ukumbini alikuwa ametwaa viwanja 14, ekari zipatazo 22,000, kwa ahadi ya karibu dola milioni 1.8 ambazo hakuwa nazo.

Tuseme kweli: alikosa. Alitia saini akijua hana fedha, na wapo walionunua kwa bei ya juu kwa sababu yake. Lakini alifanya mchana, mbele ya macho ya watu, wala hakukana. Hapo ndipo vijana wenye uchungu na mazingira wanapopaswa kumtazama vizuri. Wamlinganishe na mwingine: mwaka 2000, huko Eugene, Oregon, Jeffrey Luers alichoma magari matatu usiku kwa kupinga uchafuzi wa hewa. Hakuna aliyeumia, naye akafungwa miaka 22 na miezi minane, kifungo ambacho baada ya rufaa kilipunguzwa hadi miaka 10. Adhabu ile ya kwanza ilikuwa ya kikatili. Hata hivyo, moto wake uliokoa nini? Magari yalitengenezwa yakauzwa, na gumzo likawa juu ya moto, si juu ya hewa. Tena mwenye kuwasha moto gizani hana hakika kwamba hakuna mlinzi aliyejilaza karibu. Vijana wasiifuate njia hiyo, hata wakiwa na hasira ya haki.

Matokeo ya mnada wa Utah, kwa upande wake, hayakudumu. Mashirika ya mazingira yalikwenda mahakamani, na Januari 2009 jaji akazuia mikataba 77 ya mnada huo. Mwezi uliofuata Ken Salazar, waziri mpya mwenye dhamana ya ardhi hiyo, akaifuta.

Ajabu ni kwamba hata baada ya hapo kijana alishtakiwa. Machi 2011 jopo la raia lilimtia hatiani kwa makosa mawili, huku Jaji Dee Benson akiwa amekataza wasielezwe kwamba mikataba ilikwisha kufutwa, wala kwamba mshtakiwa alitaka kujitetea kwa hoja ya kuzuia madhara makubwa zaidi. Je, raia wanaoaminiwa kumpeleka mwenzao gerezani hawaaminiki kusikia habari yote? Julai akahukumiwa miaka miwili na faini ya dola 10,000. Jaji mwenyewe alieleza kwamba kosa lenyewe halikuwa baya kiasi hicho. Kilichomponza ni kuendelea kuhimiza hadharani uvunjaji wa sheria. Wanasheria na waandishi wa habari wasilinyamazie jambo hilo, maana hapo ulimi uliadhibiwa pamoja na kibao.

Mahakama ya rufaa iliunga mkono hukumu hiyo mwaka 2012. DeChristopher alimaliza kifungo Aprili 2013, akaenda Harvard kusomea mambo ya dini.