Usioshe Difu Kabla ya Kusoma Uchafu Wake

Haya basi, leo naiweka kompyuta kando. Jumamosi iliyopita nilimsaidia mjomba kushusha difu ya nyuma ya lori lake kuukuu, iliyokuwa ikilia kila akipanda mlima. Tuliweka mawe kwenye magurudumu, tukamwaga oili, tukachomoa shafti mbili za magurudumu, tukafungua propela, kisha nati zote zinazoizunguka difu. Ni chuma kizito, kwa hivyo tuliiteremsha kwa jeki.

Mara fundi kijana akakimbilia dizeli na brashi. Nikamzuia. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba mtambo ukianguka, hufuti kumbukumbu zake kabla ya kuzisoma. Uchafu wa difu ndio kumbukumbu zake. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande ni jino la gia au beringi iliyovunjika. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Sisi tulikuta vipande vya beringi. Tungeosha kwanza, mjomba angeondoka na difu inayong'aa lakini mbovu, na difu ikishikana mteremkoni magurudumu ya nyuma hukwama.

Nionavyo mimi, kusafisha si kutengeneza. Soma, piga alama vifuniko vya beringi maana kila kimoja kina upande wake, ndipo uoshe. Zibua pia tundu la kupumulia. Likiziba, oili husukumwa kupita sili hadi kwenye breki.

Je, wewe husoma kwanza au hufuta kwanza?