Komredi, Vepu Haiachwi kwa Kiburi

Komredi wa Kwa Vonza, ukiacha vepu Jumatatu na kuirudia Alhamisi, wewe si dhaifu. Ni nikotini inakudai. Mimi chuo nilikiacha mara moja tu. Vepu nimeiacha mara nne.

Safari hii natumia chingamu ya nikotini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, pamoja na plasta yake, kusaidia wavuta sigara. Usiitafune kama Big G: tafuna polepole, ikianza kuwasha ifiche shavuni. Kipimo muulize mfamasia.

Shida ni hii: vepu nililetewa hadi mlangoni, chingamu nikaifuata Kitui mjini. Kliniki za vyuo, iwekeni. Nawe komredi, nenda ukaiulizie.